Nyoka wa kufuga Lubumbashi: kumjengea sanduku na kumpa joto lisiloyumba

Lubumbashi iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na kila anayekaa hapa anajua mwezi wa sita na wa saba unavyokuwa: mchana jua zuri, usiku baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10, asubuhi watoto wanaenda shule wamevaa makoti. Nyumba zetu nyingi hazina kifaa chochote cha kupasha joto. Chumba kilichokuwa na digrii 24 saa kumi jioni kinaweza kufika 15 kabla hakujapambazuka. Wewe utaongeza blanketi. Nyoka ukimfunika blanketi humsaidii kitu, kwa sababu mwili wake hautengenezi joto la kuhifadhi. Analichukua kutoka kwenye kitu alicholalia na hewa inayomzunguka.

Miongozo mingi ya kufuga nyoka imeandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, ambao nyumba nzima hukaa kwenye digrii 20 usiku kucha na umeme unakatika mara chache kwa mwaka. Ukiifuata hapa neno kwa neno, sanduku litakuwa sawa mwezi wa pili na litakuwa friji mwezi wa saba. Halafu mwezi wa kumi, bati linapochemka, litakuwa oveni. Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa hali yetu, na ushauri wake mkubwa ni mmoja: kidhibiti joto kinunuliwe kabla ya nyoka, na sanduku lifanye kazi wiki nzima likiwa tupu.

Kwanza, nyoka gani

Hapa nazungumzia nyoka wa aina mbili. Wa kwanza ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, Python regius, yule anayejiviringisha kama mpira akiogopa. Dume huishia kwenye sentimita 90 hadi 110, jike 120 hadi 150. Si nyoka wa Katanga, eneo letu hili; kwao ni kuanzia Senegali hadi Uganda, na wengi walio kwenye biashara hutoka Togo, Benin na Ghana. Wa pili ni nyoka wa nyumba, jamii ya Boaedon, wa kahawia, mwenye mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa, anayekula panya. Huyu ni mwenyeji wetu, mwembamba, mara nyingi hapiti mita moja, na baridi anaivumilia zaidi kidogo kuliko chatu.

Chatu wote wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na Python regius yuko kwenye Kiambatisho cha II. Hiyo maana yake hawezi kuvuka mpaka bila kibali. Wanaosimamia wanyamapori nchini ni ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira. Pita kwao uulize kabla hujalipa hata faranga moja. Muuzaji asiye na karatasi anakuuzia nyoka pamoja na kesi.

Usiokote nyoka porini wala uani ukamweka ndani. Sisemi hivi kwa sababu ya sheria peke yake. Katanga kuna nyoka wadogo weusi wa kuchimba ardhini, jamii ya Atractaspis, wanaoonekana wapole na wasio na madhara. Meno yao yenye sumu hutoka pembeni mdomo ukiwa umefungwa, kwa hiyo hata ukimkamata nyuma ya kichwa kama mtaalamu, anakuchoma. Mtu anayesema "huyu namjua, ni wa nyumba tu" ndiye anayeishia hospitali.

Namba za kukariri

Sanduku la nyoka halina joto moja. Lina upande wa joto na upande wa ubaridi, naye anatembea katikati akichagua. Akimaliza kula hukaa kwenye joto ili chakula kisagike, akitosheka anahama. Ukimpa joto sawa kila kona, hata kama ni zuri, umemnyima uchaguzi.

Kwa chatu mdogo: upande wa joto digrii 30 hadi 32, upande wa ubaridi 24 hadi 26, na usiku pasishuke chini ya 23 popote. Unyevu wa hewa asilimia 55 hadi 70. Kwa nyoka wa nyumba: joto 29 hadi 31, ubaridi 22 hadi 25, usiku anaweza kuvumilia 20, unyevu asilimia 40 hadi 60 unamtosha. Kwa wote wawili, hewa ikipita digrii 35 na hana pa kukimbilia, uko kwenye hatari ya kweli.

Sanduku

Kioo kitupu cha samaki ni kizuri kwa macho tu. Kioo kinapitisha joto nje pande zote, na kifuniko cha wavu juu kinamaliza kazi: joto linapanda linatoka, unyevu nao unafuata. Katika nyumba yenye digrii 15 usiku utachoma umeme mpaka asubuhi bila kufikia 30. Jenga sanduku la mbao lenye kioo mbele peke yake.

Kwa chatu aliyekomaa lenga urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60. Nyoka wa nyumba anatosheka na 90 kwa 45 kwa 45. Kanuni rahisi ni kwamba urefu wa sanduku ukaribie urefu wa nyoka. Mtoto wa nyoka aanze kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, kwa sababu kwenye uwanja mkubwa mtupu hujificha na kukataa kula. Boksi hilo utalitoboa matundu ya hewa kwa pasi ya kulehemu yenye moto, kutoka ndani kwenda nje, ili kingo kali zibaki upande wa nje, zisimkwaruze.

Fundi seremala mpe triplex (plywood) ya milimita 15 au 18. Mwambie mapema mambo matatu. Reli mbili za kioo, moja juu na moja chini, vioo viwili vya milimita 4 au 5 vinavyopishana, na kufuli ya vioo. Mafundi wa aluminiamu wanazo, ni zile zile za kabati za duka. Matundu ya hewa yawe chini upande wa ubaridi na juu upande wa joto, yamezibwa kwa wavu wa chuma, ili hewa iingie baridi na kutoka ya moto yenyewe. Na kila kiungo cha ndani kizibwe kwa silikoni ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Pale ambapo kichwa cha nyoka kinapenya, mwili wote utafuata. Kwa mtoto wa nyoka, nafasi ya upana wa penseli ni mlango.

Ndani paka vanishi ya maji mara tatu au nne, kisha liache wazi siku 10 hadi 14 mpaka usisikie harufu kabisa. Epuka mbao za msonobari mbichi na maranda yake; mafuta yake yenye harufu hukera mapafu ya nyoka. Maranda ya karakana hujui yametoka mti gani, yaache huko huko.

Ukuta wa nyuma na wa pembeni, kwa nje, bandika frigolite, yale mapovu magumu meupe yanayofungiwa televisheni mpya. Sentimita 2 au 3 zinatosha. Ni kitu cha kuokotwa bure nyuma ya maduka ya vyombo vya umeme, na kitakupunguzia kazi ya joto kuliko kifaa chochote cha gharama. Kibaki nje ya sanduku tu, mbali na chochote kinachopata moto.

Usiliweke chini. Sakafu ya saruji inanyonya joto, na hapa kwetu mchwa hawachezi: mji huu umejengwa katikati ya vichuguu. Meza yenye miguu ya chuma ni bora, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari kidogo, kwa ajili ya siafu. Siafu wakimkuta nyoka amefungiwa hawamwachi. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya sanduku na ukuta. Dirisha linaloingiza jua liwe mbali. Jua likipiga kioo kwa nusu saa linaweza kumuua nyoka kabla kidhibiti hakijafanya lolote, maana kidhibiti kinazima hita yako, hakizimi jua.

Na majirani? Waambie wewe mwenyewe, mapema, na mwenye nyumba kwanza. Katika mji ambao kuta za sebule zimetundikwa picha za mamba muntu, yule mwanamke-samaki, na nyoka wake wa utajiri, mtu akisikia kwa kificho kwamba una nyoka chumbani atakamilisha hadithi mwenyewe. Kufuli mbili zinazoonekana kwa macho huwatuliza watu kuliko maelezo marefu.

Chanzo cha joto

Kuna njia tatu zinazofaa, na kadhaa za kuepuka.

Mkeka wa joto ni karatasi bapa yenye waya ndani, wati 10 hadi 30. Unafaa kwa boksi la plastiki. Unawekwa nje, chini ya boksi, ukichukua theluthi moja ya sakafu upande mmoja, na boksi linyanyuliwe milimita chache ili hewa ipite. Mkeka unapasha sakafu, haupashi hewa. Ndiyo maana kwenye baridi ya mwezi wa saba mkeka peke yake kwenye sanduku kubwa la mbao hautoshi, hata kama aliyekuuzia ameapa.

Balbu ya kauri haitoi mwanga, inatoa joto tu. Kwa sanduku la triplex hii ndiyo ningeichagua: wati 60 kwa sanduku la sentimita 90, wati 100 kwa la 120. Inahitaji kishikio cha porseleni. Cha plastiki kitayeyuka, na waya wake uwe wa kustahimili joto. Juu yake lazima kuwe na kizimba cha wavu mgumu kilichofungwa kwa skrubu, chenye matundu ambayo nyoka hapitishi kichwa. Nyoka atajizungusha kwenye kitu cha moto na kukaa hapo huku ngozi ikiungua. Hisia zao za joto la kugusa kwa tumbo hazimwondoi kwa haraka kama zinavyokuondoa wewe.

Balbu ya zamani ya nyuzi, wati 40 au 60, ni ya tatu. Sehemu kubwa sana ya umeme wake inaishia kuwa joto, ndiyo maana nchi nyingi ziliiacha. Ni rahisi kuipata, lakini ina mwanga, na nyoka anahitaji giza la usiku. Kuipaka rangi nyekundu hakusaidii. Itumie mchana au kwa dharura. Balbu za LED zinazouzwa kila mahali sasa hazitoi joto la maana, usihangaike nazo.

Ya kuepuka: taa nyekundu ya vifaranga ya wati 250, ambayo imetengenezwa kwa banda zima na itachoma sanduku lako, jiwe la umeme la kulalia, linalounguza tumbo, na mbabula, jiko la makaa. Hili la mbabula naliwekea mkazo kwa sababu usiku wa baridi watu huingiza makaa ya moto chumbani na kufunga dirisha. Moshi unaweza usiuone kabisa, lakini hewa ya kaboni monoksidi ipo, na itaua familia kabla ya nyoka. Hakuna mnyama anayestahili hatari hiyo.

Kidhibiti joto, kwa utulivu

Hiki ndicho kiini cha kazi yote. Hita bila kidhibiti inafuata hali ya hewa: chumba kikiwa na 15 sanduku lina 27, chumba kikipanda hadi 30 sanduku lina 42.

Vidhibiti vya nyoka vyenyewe hapa ni vigumu kupata. Lakini mafundi wanaotengeneza mashine za kuangulia vifaranga wanatumia kifaa kile kile cha relay (swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme), na kinachojulikana zaidi ni STC-1000: kiboksi cheusi chenye namba nyekundu na waya mrefu wenye kihisi mwishoni. Soma kibandiko chake, kwa sababu kuna cha volti 12, 24, 110 na 220. Unataka cha 220.

Nyuma yake kuna matundu manane ya waya yenye namba. Namba 1 na 2 ni umeme wa kuendesha kifaa chenyewe. Namba 3 na 4 ni kihisi. Namba 5 na 6 ni swichi ya kupasha joto, na 7 na 8 ni swichi ya kupoza. Watu wengi wanakwama kwenye 5 na 6, wakidhani kuna umeme unaotoka hapo. Hautoki. Ni swichi tupu, inafungua na kufunga. Kwa hiyo waya wa fezi unaoingia 1 unarukishwa kipande kwenda 5; kutoka 6 unakwenda kwenye hita; na waya mwingine wa hita unarudi kwenye 2 pamoja na nyutro. Tia fyuzi ya ampea 2 kwenye fezi kabla ya yote, funga kifaa ndani ya boksi la plastiki nje ya sanduku, na kama hujawahi kushika waya, lipa fundi umeme umwonyeshe aya hii. Kazi ni ya nusu saa. Ifanyike umeme ukiwa umezimwa kwenye mita, si kwenye swichi ya ukutani.

Kuweka namba: shikilia kitufe cha S mpaka F1 itokee. F1 ni joto unalolitaka, weka 31. F2 ni tofauti, weka 0.5, na hita itawaka joto likishuka hadi 30.5 na kuzima likirudi 31. F4 ni ya kusahihisha kihisi, na hii watu huiruka. Chukua kikombe cha barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, zamisha kihisi dakika tano. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 1.2, ondoa 1.2 kwenye F4. Usitumie maji yanayochemka kwa zoezi hili: kwenye kimo chetu maji huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100, na utakiharibu kipimo kilichokuwa sawa.

Kihisi kinakaa wapi? Kwa balbu ya kauri, chini yake, sentimita 2 au 3 juu ya sakafu, kimo anacholala nyoka. Kwa mkeka, kati ya mkeka na sehemu ya chini ya boksi, kisha unapima ndani na kurekebisha F1 mpaka sakafu isome 31. Kifunge kwa vibanio vya waya na skrubu. Gundi ya utepe haiingii kamwe ndani ya sanduku la nyoka, hata kipande. Akinasa ngozi yake hunyofoka pamoja na magamba. Na kihisi kikivutwa kikatoka nje ya sanduku, hita haitazima tena, maana kifaa kitadhani bado kuna baridi.

Relay nazo huganda siku moja zikiwa zimewasha, na hita isizime tena. Ndiyo maana usinunue hita kubwa "kwa usalama". Wakati wa majaribio, bila nyoka, unganisha hita moja kwa moja kwenye umeme kwa saa nne, ukiwa umekaa hapo hapo, usome joto linapofikia kilele. Likiganda kwenye 36 au 37 mchana, hita inakufaa: hata kidhibiti kikifa, nyoka ataenda upande wa ubaridi na kuishi. Likipita 40, punguza wati.

Kupima

Vipimajoto viwili vya kidijitali vyenye waya, kimoja kila upande, tofauti kabisa na namba za kidhibiti. Viwe na kipimo cha unyevu. Vile vya duara vya kubandika, vyenye mshale, hudanganya kwa digrii kadhaa. Wengi bado wana bastola za kupima joto la paji la uso za wakati wa Covid. Kwa kawaida zinasoma joto la mwili tu, kati ya 32 na 42 hivi, na nje ya hapo zinaandika "Lo" au "Hi". Lakini nyingi zina hali ya pili ya kupima uso wa kitu. Tafuta kitufe cha kubadilisha, na utakuwa na kipimo kizuri cha sakafu bila kununua kingine.

Ndani

Magazeti sakafuni yanatosha, hasa miezi ya kwanza, maana kinyesi na utitiri vinaonekana mara moja. Maficho mawili ya ukubwa sawa, moja kila upande, yawe ya kubana mpaka mgongo uguse. Ukiweka moja tu upande wa joto, nyoka mwoga atakaa hapo hata akiwa anaungua, kwa sababu usalama kwake unatangulia joto. Chungu kilichovunjika mdomo na kusuguliwa kingo ni maficho mazuri kuliko ya dukani. Bakuli zito la maji upande wa ubaridi, libadilishwe kila siku mbili. Tawi nene. Basi.

Wiki ya majaribio

Sanduku likiwa tupu, liwashe siku saba. Andika joto la pande zote mbili mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Saa kumi na mbili asubuhi ndiyo inayosema ukweli. Upande wa joto ukiwa 31 lakini wa ubaridi ukashuka 18, tatizo si kidhibiti; joto linavuja. Ongeza frigolite, punguza matundu ya juu, au tundika pazia zito mbele ya kioo usiku. Upande wa ubaridi ukipita 28, sanduku ni fupi au hita iko katikati mno.

Umeme ukikatika

Utakatika, kwa hiyo panga sasa. Mchana wa kawaida sanduku lililovikwa vizuri litashikilia saa tatu au nne bila madhara. Usifungue kioo kuangalia kila dakika. Chatu mzima akishuka hadi digrii 20 kwa usiku mmoja akiwa hajala, mara nyingi hapati neno. Hatari ni usiku mfululizo, au usiku mmoja akiwa na panya tumboni. Chakula bila joto hakisagiki, kinaoza, naye anakitapika. Kwa hiyo wiki ambayo umeme haueleweki, usimlishe.

Njia rahisi ni bidoni (dumu) la lita 5 la maji ya digrii 60, moto kiasi cha kutovumilika kwa mkono, lakini si ya kuchemka. Likifungwa vizuri, likavikwa taulo mbili na kuwekwa kona ya joto ambako haliwezi kubiringika, hutoa likishuka hadi 30 nishati ya wati-saa 175 hivi, ambayo ni sawa na balbu ya wati 60 kuwaka karibu saa tatu. Mawili yanayopokezana yanafikisha asubuhi. Chupa nyembamba za maji ya kunywa hunywea kwenye maji ya moto na kuvuja, zisitumike.

Mwenye sola afanye hesabu kabla ya kujisifu. Hita ya wati 60 inayowaka nusu ya muda, kwa saa 10, inakula wati-saa 300. Betri ya gari au ya sola ya volti 12, ampea-saa 100, ina 1,200 kwenye karatasi, lakini ya asidi usiishushe chini ya nusu, na invata nayo inakula chake. Inatosha usiku mmoja kwa raha, na kesho yake jua liwe zuri. Umeme unaporudi huja na mruko. Weka kilinda-volti kati ya prizi na kidhibiti.

Mwaka wa Katanga ndani ya sanduku

Mwezi wa tano hadi wa saba kazi ni baridi, nayo tumeshaiona. Mwezi wa nane na wa tisa tatizo linageuka ukavu. Vumbi, midomo inapasuka, na hewa ndani ya sanduku inaweza kushuka hadi asilimia 30. Nyoka anayejivua gamba wakati huo hulitoa vipande vipande, na kifuniko cha jicho kinabaki. Usimwagie sanduku zima maji, maana sakafu iliyolowa hutengeneza malengelenge tumboni. Mpe ficho la tatu: boksi la plastiki lenye tundu la kuingilia, ndani kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, likae katikati. Macho yakigeuka ya bluu na maziwa, jua gamba linakuja. Hapo ndipo ficho hilo lisikauke. Gamba zuri hutoka zima kama soksi.

Mwezi wa kumi ni wa joto kuliko yote. Chumba cha bati kisicho na dari kinaweza kupita digrii 34 saa tisa mchana, na hapo hita imezimwa yenyewe lakini sanduku linaendelea kupanda. Hamishia sanduku chumba chenye dari au ukuta wa matofali ya kuchoma usiopigwa na jua la jioni. Zile namba 7 na 8 za STC-1000 sasa zina kazi: feni ndogo ya kompyuta inayovuta hewa kwenye matundu ya juu. Kifaa kitaiwasha joto likipita F1 kwa kiasi cha F2, kwa hiyo panua F2 hadi 2, la sivyo feni na hita zitapigana siku nzima, kisha tazama tena usomaji wa asubuhi, maana hita nayo sasa itasubiri 29 ndipo iwake. Chupa ya maji ya friji iliyovikwa kitambaa upande wa ubaridi inasaidia pia.

Mvua zikianza, unyevu unapanda wenyewe. Ukiona matone kwenye kioo asubuhi, ongeza tundu la hewa, na magazeti yabadilishwe mara nyingi zaidi. Ndio wakati pia wa mbu: usipulizie dawa chumba chenye nyoka.

Siku ya kumwingiza

Mwache siku tano hadi saba bila kumshika wala kumlisha. Kisha mpe panya wa kufugwa, asiye mnene kuliko sehemu pana ya mwili wa nyoka. Panya wa mtaani huenda amekula sumu. Panya hai usimwache humo ukaenda kulala. Nyoka asiye na njaa hung'atwa mpaka mfupa uonekane. Akimeza, saa 48 asiguswe, na upande wa joto uangaliwe asubuhi na jioni.

Akitapika, usimpe kingine haraka. Kagua joto kwanza, kisha subiri siku 10 hadi 14, na panya wa pili awe nusu ya yule wa kwanza. Akianza kupumua mdomo wazi, akitoa mlio wa kububujika au mapovu puani, hiyo ni nimonia inayotokana mara nyingi na usiku wa baridi au sakafu iliyolowa. Pandisha upande wa ubaridi hadi 26 au 27 usiku na mchana, na mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, na hapo ni pa kuanzia kuulizia nani anajua nyoka. Nenda na daftari lako la joto la asubuhi, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza atakalokuuliza.